Jino Si Jiwe, Wasee: Protini Zake Zina Kazi Mwili Mzima

Wasee, leo si mambo ya simu mpya wala nani amemwacha nani. Leo ni meno. Najua kidole chako kishaanza kutafuta pa kupita, lakini ngoja kwanza. Nipe dakika kumi hivi, halafu ukikataa ninachosema tupatane kwenye maoni.

Msimamo wangu ni huu: tumezoea kuangalia meno kama mapambo ya uso, kitu cha kundi moja na kucha na nywele, na mazoea hayo yanatugharimu. Jino likiuma, tunameza dawa ya maumivu, tunasukutua na maji ya chumvi, tunavumilia. Likizidi, tunang'oa na maisha yanaendelea. Hata bima nyingi zimeweka mwili upande huu na meno upande ule, tena na kikomo chake kidogo, kana kwamba mdomo tumeuazima kwa jirani.

Mwili wenyewe haujui mpaka huo. Na ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko mahali ambapo hukutarajia, yaani kwenye protini zinazojenga enameli, lile gamba jeupe la nje la jino. Protini hizo, ama ndugu zao wa damu, ama vimeng'enya vinavyofanya kazi nazo, vimepatikana kwenye mfupa, gegedu, mate, maziwa, hata tezi dume. Si hadithi ya kijiweni hii. Twende polepole.

Mbao na zege

Umewahi kupita kwa mjengo siku ya kumwaga slabu? Mafundi hupanga mbao kwanza. Zege linamwagwa, linashika, kisha mbao zinabanduliwa. Ukirudi baada ya mwezi unaona zege peke yake. Mbao hazipo tena, lakini bila hizo hakuna slabu.

Enameli hujengwa karibu hivyo hivyo. Jino likiwa bado limefichwa ndani ya taya, kuna seli zinaitwa ameloblasti. Kazi yao ni kumwaga protini. Kubwa lao ni amelojenini, ambayo ni kama asilimia 90 ya protini zote za enameli changa. Wenzake ni ameloblastini na enamelini. Hizo ndizo mbao. Zinaelekeza kalsiamu na fosfati zijipange kwa nyuzi ndefu nyembamba badala ya kurundikana ovyo. Halafu wanaingia wabanduaji, vimeng'enya viwili vinavyoitwa MMP20 na KLK4. Hivi vinakatakata protini ziondoke, madini yajaze nafasi. Mwisho wa kazi, enameli iliyokomaa huwa na madini kama asilimia 96 ya uzito wake. Hakuna kitu kigumu kuishinda mwilini mwako.

Sasa habari mbaya. Jino likishatoka kwenye ufizi, ameloblasti zimeisha. Mafundi wamekunja vifaa wakaenda. Ndiyo maana mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikikatika inafunga, lakini enameli ikitoboka haioti tena maishani. Floridi ya dawa ya meno inaweza kusaidia kurudisha madini kwenye doa changa kabla shimo halijafunguka, na hiyo peke yake inatosha kukufanya upige mswaki usiku hata kama umechoka. Lakini kuotesha enameli mpya? Zii. Kwa hivyo yule jamaa wa mtandaoni anayekuuzia unga wa mkaa "unaorudisha enameli" anakuuzia mkaa, basi. Na mkaa unakwaruza.

Shika hilo la mbao, kwa sababu kwa miaka mingi hata wanasayansi walidhani hadithi inaishia hapo. Protini ya jino, kazi yake jino, kazi ikiisha inaondoka. Kumbe.

Jina la kwanza linaziba macho

Jina amelojenini limetokana na enameli. Na hapo ndipo shida huanza. Ukikipa kitu jina la mahali ulipokikuta mara ya kwanza, unaacha kukitafuta kwingine. Sisi wenyewe tunajua hii. Ukiitwa "yule aliacha chuo", watu wanaacha kuuliza unafanya nini siku hizi. Mimi ni mmoja wao, kwa hivyo naielewa hii protini vizuri tu.

Mwaka 2000, timu ya Arthur Veis wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, ilichapisha kitu cha ajabu. Jeni ya amelojenini haitoi protini ya saizi moja. Inaweza kukatwa na kuunganishwa kwa namna tofauti, ikatoa matoleo mafupi pia. Matoleo hayo mafupi yalipowekwa pamoja na seli kwenye maabara, na yalipopandikizwa ndani ya wanyama, seli zilianza kuonyesha dalili za kuelekea kuwa gegedu na mfupa. Yaani kile kipande hakikuwa mbao tu. Kilikuwa kinaongea na seli, kinaziambia zifanye nini.

Miaka michache baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hebrew huko Jerusalem, wakiongozwa na Dan Deutsch, walikwenda kuitafuta amelojenini mahali ambapo hakuna jino. Waliipata kwenye seli za mifupa mirefu, kwenye gegedu, kwenye uboho ambako seli za damu huzaliwa, hata kwenye ubongo. Hii ilikuwa kwa wanyama wa maabara, na viwango vilikuwa vidogo ukilinganisha na jino. Lakini ilikuwepo.

Kuna pia panya waliofugwa bila jeni ya amelojenini kabisa. Matokeo ya kwanza, mwaka 2001, yalikuwa yale ungetarajia: enameli nyembamba, yenye sura ya chaki. Ila walipoendelea kuwachunguza panya hao, waliona mizizi ya meno nayo inaliwa, na ile sementi inayofunika mzizi inaharibika. Sasa jiulize: mzizi hauna enameli. Kwani protini ya enameli inahusikaje huko chini? Jibu linaloeleweka ni kwamba kule kazi yake si kupanga madini, ni kutuma ujumbe.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha KLK4, yule mbanduaji wetu. Mwaka 1998 watu wa meno walikielezea kimeng'enya hiki kutoka kwa enameli ya nguruwe, wakakipa jina la enameli. Mwaka 1999 watu wa saratani wakakikuta kwenye tezi dume ya binadamu, wakakiita prostase, jina la tezi hiyo. Kitu kimoja, majina mawili, kwa sababu wa meno wanasoma majarida yao na wa tezi dume yao. Baadaye ndipo ikaeleweka ni kile kile, na leo kinaitwa KLK4. Kwenye saratani ya tezi dume hupatikana kwa wingi kuliko kawaida, na watafiti wanakifuatilia kwa hamu. Mbanduaji wa mbao za jino lako, huyo.

Hapo ndipo mimi huuliza: kama hata maprofesa walipitana kwenye korido bila kujua wameshika kitu kimoja, sisi wa mtaani tutalaumiwa kwa kutenganisha mdomo na mwili? Lakini sasa tunajua. Kuendelea kutenganisha ni uvivu.

Ndugu wa chai yako ya maziwa

Enamelini na ameloblastini hukaa kwenye kromosomu ya 4. Nenda ukaangalie majirani wao kwenye mtaa huo huo na utakutana na jeni za keseini, protini kuu ya maziwa, na jeni ya statherini, protini ya mate. Mwaka 2003 Kazuhiko Kawasaki na Kenneth Weiss wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walieleza kwamba majirani hawa ni ukoo mmoja. Jeni moja ya kale ilijinakili mara nyingi kwa mamilioni ya miaka, na kila nakala ikaenda kutafuta kazi yake.

Angalia kazi zenyewe. Protini za enameli hupanga kalsiamu iwe jino. Keseini hubeba kalsiamu ndani ya maziwa ikiwa nyingi sana, lakini haigandi ikawa kokoto kwenye titi la mama. Statherini hukaa kwenye mate na kuzuia kalsiamu isijijengee mawe mdomoni, huku ikiiacha karibu na jino inapohitajika. Biashara ya familia ni moja, kusimamia kalsiamu. Mmoja ni fundi, mwingine dereva, mwingine askari wa geti.

Kwa hivyo ukikunywa chai asubuhi, mdomoni mwako kuna mkutano wa ukoo. Keseini kwenye kikombe, statherini kwenye mate, na meno ambayo wajenzi wake walishaenda.

Na undugu huu si wa kuchekesha tu. Mwaka 2023, watafiti wa Taasisi ya Weizmann huko Israel walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba kuna watu ambao kinga yao ya mwili hushambulia protini za enameli. Wengine wana ugonjwa nadra wa kurithi unaofanya seli za kinga zisifunzwe vizuri kutambua mwili wao wenyewe. Wengine wana ugonjwa wa siliaki, ule wa utumbo unaochochewa na gluteni ya ngano. Kwenye siliaki, baadhi ya protini zinazolengwa hupatikana kwenye utumbo na kwenye seli zinazojenga enameli. Mwili unapigana vita vya tumboni, risasi zinafika kwenye jino la mtoto ambalo hata halijatoka. Jino linatoka likiwa na enameli dhaifu, mzazi anaambiwa mtoto anakula peremende nyingi, kumbe shida iko kwa mkate.

Ndiyo nasema: daktari wa meno akiona enameli iliyoharibika kwa mpangilio usio wa kawaida, swali lisiishie mdomoni.

Figo, macho na kinyozi

Kuna jeni inaitwa FAM20A. Kazi yake ni kusaidia kimeng'enya kingine kinachowekea protini za enameli alama za fosfati, na kimeng'enya hicho huwekea alama protini nyingi za mwili pia. FAM20A ikiharibika, mtu anapata enameli nyembamba sana, meno mengine yanakwama ndani ya taya, ufizi unavimba. Na figo zake zinajaa kalsiamu, mara nyingi bila maumivu yoyote mwanzoni. Fikiria hilo. Mtu ana figo zinazogeuka chokaa na mtu wa kwanza anayeweza kumwambia ni yule anayemkagua meno.

Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi, unatokana na jeni ya CNNM4. Huo huunganisha enameli mbovu na macho yanayoshindwa kustahimili mwanga na kupoteza uwezo wa kuona. Jino na jicho, jeni moja.

Haya, wanaume, hii ni yenu. Vile vipele vya shingoni na kidevuni baada ya kinyozi kupitisha mashine, vinavyotuandama sana sisi wenye nywele za kujikunja. Sababu kubwa ni unywele kujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Lakini pia kuna badiliko kwenye keratini moja ya shina la unywele, KRT75, linaloongeza uwezekano wa kuvipata. Mwaka 2014, watafiti wa taasisi za afya za taifa za Marekani walionyesha kwamba keratini hiyo ya nywele imo ndani ya enameli iliyokomaa, na kwamba watu wenye mabadiliko fulani kwenye KRT75 walikuwa na meno yaliyooza zaidi. Sisemi ukiwa na vipele basi meno yako yataoza. Nasema kitu cha nywele kinashikilia jino. Hapo ni safari ya upande mwingine: si protini ya jino kwenda mwilini, ni protini ya mwili kuja kwenye jino.

Dawa ya nguruwe ambayo hawakuelezi

Miaka ya tisini, watafiti wa Sweden akiwemo Lars Hammarström walifuata wazo moja. Kama protini za enameli hutoa ujumbe pale mzizi wa jino unapojengwa, je, tukizipaka kwenye mzizi ambao ufizi na mfupa wake vimeliwa na ugonjwa, tishu zitaota tena? Jibu likawa ndiyo, kwa kiasi. Dawa iliyotokana na kazi hiyo inaitwa Emdogain. Ni gundi laini ambayo sehemu kubwa ya protini yake ni amelojenini, na madaktari wa ufizi wanaitumia nchi nyingi. Protini hizo zimejaribiwa hata nje ya mdomo kabisa: kwenye majaribio ya Ulaya zilipakwa kwenye vidonda sugu vya miguu ambavyo vilikuwa vimekataa kupona, kusaidia ngozi ijifunge. Protini ya jino kwenye mguu wa mzee, wasee.

Sasa sikia inatoka wapi. Inatolewa kwenye meno ya watoto wa nguruwe ambayo hayajachomoza.

Hapa nina maoni makali kidogo. Nchi hii ina Waislamu wengi, Pwani, Kaskazini Mashariki, Eastleigh, kila mahali. Ina Wasabato wengi pia, na watu wasiokula nyama kabisa. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla kitu hakijapakwa kwenye ufizi wake, kwa lugha anayoielewa, si kwa karatasi ya herufi ndogo anayosaini akiwa na maumivu. Huenda shekhe wake atamwambia dharura ina hukumu yake. Huenda atakataa. Huo ni uamuzi wake, si wa daktari wala wangu. Lakini huwezi kuamua juu ya jambo ambalo hukuambiwa. Ukienda kwa matibabu ya ufizi, uliza tu: "Daktari, hii imetengenezwa na nini?" Si kosa kuuliza. Hata pesa ni zako.

Meno ya kahawia si uchafu

Sasa turudi nyumbani, mahali hii sayansi inauma.

Kila mtu hapa anamjua mtu aliyekulia Nakuru, Naivasha, Gilgil ama Njoro mwenye meno ya kahawia. Na kila mtu amesikia utani wake. Kuna wasichana wanacheka wakiwa wamefunika mdomo na mkono. Kuna vijana hawapigi picha wakitabasamu. Wengine wanasugua na chochote wanachoambiwa, mkaa, ndimu, magadi, hadi ufizi unatoka damu, kwa sababu dunia imewaambia ni wachafu.

Si wachafu. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa imejaa floridi, na maji ya visima vingi vya huko huibeba. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na kuna visima vya eneo hilo vinavyopita hapo kwa mbali. Kidogo cha floridi kinasaidia meno. Kikizidi mtoto akiwa bado anajengewa meno, kinavuruga ule ubanduaji niliokueleza. Protini za enameli zinachelewa kuondoka, madini hayajazi nafasi inavyotakiwa, na jino linatoka likiwa na vitundu vidogo vidogo. Vitundu hivyo ndivyo vinavyonyonya rangi baadaye. Mbao zimesahaulika ndani ya zege, na wewe unamlaumu mwenye nyumba kwamba hafagii.

Na tena si jino peke yake. Floridi hiyo hiyo, ikinywewa kwa wingi kwa miaka, huingia kwenye mifupa, na inaweza kuleta maumivu na ugumu wa viungo na mgongo. Jino la kahawia la mtoto ni onyo kuhusu maji ya familia nzima. Ukilicheka, umecheka kengele ya moto.

Dawa ya maji hayo, tena, inatoka kwenye mfupa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilitengeneza kwa miaka mingi vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Madini ya mfupa ni ya aina moja na madini ya enameli, na yanapenda floridi. Yanaidaka ndani ya kichujio kabla haijafika kwenye jino lako. Sidhani kuna mfano bora wa kukuonyesha mfupa na jino ni watu wa nyumba moja.

Lakini tusipigwe na hewa

Najua kuna mtu wa sayansi anayesoma hii akikunja uso, na ana haki. Kukuta protini mahali si sawa na kuthibitisha ina kazi muhimu pale. Mtu kuonekana kwenye stegi haimaanishi yeye ni kondakta.

Mfano mzuri ni huu. Jeni ya amelojenini iko kwenye kromosomu X, na kuna nakala nyingine kwenye Y. Maabara za uchunguzi wa DNA hutumia tofauti ndogo kati ya nakala hizo kujua kama damu iliyokutwa ni ya mwanamume au mwanamke. Sasa, kuna wanaume wachache waliozaliwa bila ile nakala ya Y, na ni wazima tu. Kipimo kinawasoma vibaya, basi. Pia kuna watu wenye hitilafu kwenye nakala ya X. Enameli yao ni mbovu, lakini mifupa na ubongo wao kwa kawaida hufanya kazi vizuri. Kwa hivyo amelojenini ya kwenye mfupa, hata kama ina kazi, mwili unaonekana kuwa na njia nyingine za kuziba pengo.

Hilo halivunji hoja yangu. Linaiweka mahali pake. Sisemi jino likioza ubongo utafuata kwa sababu ya amelojenini. Sisemi ununue vidonge vya protini za enameli, na mtu akianza kuviuza, na ataanza tu, mpite. Protini ukiimeza tumbo linaisaga kama lilivyosaga omena ya jana. Ninachosema ni kwamba mwili unatumia vifaa vile vile sehemu nyingi: jeni hizo, vimeng'enya hivyo, kalsiamu hiyo. Ukikiona kifaa kimeharibika mahali pamoja, una sababu ya kuuliza kuhusu kwingine. Na jino ndilo dirisha pekee la mifupa unaloweza kuangalia kwa kioo na tochi ya simu.

Ninachotaka mfanye

Moja, acheni kucheka meno ya watu. Ukimwona mtu ana meno ya kahawia au yaliyomeguka tangu utotoni, hujui ni maji, ni jeni, ni utumbo ama ni figo. Funga mdomo wako, na kama ni rafiki, mwambie akaangaliwe.

Mbili, kama una mdogo wako Bonde la Ufa, ulizeni maji yenu yana floridi kiasi gani. Ulizeni kwa kampuni ya maji, kwa afisa wa afya, kwa mwenye kisima. Meno ya kudumu hujengwa miaka ile ya utotoni, kabla ya miaka minane hivi. Ukichelewa, umechelewa moja kwa moja, kwa sababu mafundi hawarudi.

Tatu, enda ukakaguliwe meno wakati hayaumi. Najua pesa. Nami nahesabu kabla ya kupanda matatu. Lakini ukaguzi hugharimu kidogo kuliko kung'oa, na kung'oa kidogo kuliko kujaza pengo baadaye. Kambi za bure zikija mtaani, twende na marafiki kama tunavyoenda kwa mechi.

Nne, na hii ni ya wakubwa wanaopanga bima na sera: ondoeni huo ukuta. Msiweke jino kwenye kabati la urembo pamoja na miwani ya fasheni. Mkilipia mfupa, figo, utumbo na ngozi, mmeshaanza kulipia ukoo wa jino. Malizeni kazi.

Haya, nimesema. Kama ulikulia na maji ya floridi na umewahi kuambiwa hupigi mswaki, andika hapo chini ni wapi na uliambiwa nini, watu wasome. Na wewe uliyemwambia, soma pia.